Nimekaa miaka sita ofisi ya msamaha hospitalini. "Asiye na uwezo" ni nani hasa?

Wakuu, nimeusoma uzi huu tangu jana usiku. Mleta mada anasema matibabu ya bure yabaki kwa kaya zilizoandikwa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, peke yake, wengine wote tukate bima, na wazee "wanaojiweza" watolewe kwenye msamaha wa kulipia matibabu kwa sababu wanakula jasho la vijana. Mwingine kamjibu kwamba enzi za Mwalimu Nyerere kila mtu alitibiwa bure, kwa hiyo turudi huko na mjadala ufungwe. Baada ya hapo mkaingiza vyama, mkaanza kuitana majina.

Mimi sina ugomvi na mtu. Ila jambo hili nimelifanyia kazi kwa miaka sita nikiwa afisa ustawi wa jamii kwenye hospitali moja ya wilaya, kanda ya ziwa. Kwa asiyejua, ustawi ndiko unakoelekezwa ukifika dirisha la malipo na mfuko mtupu. Ofisi yangu ilikuwa chumba kidogo nyuma ya dirisha hilo: meza moja, daftari la kaunta, na nje benchi la mbao ambalo halikuwahi kukosa mtu. Humo ndimo nilimokuwa naamua nani ni maskini na nani anajifanya. Sasa nipo idara nyingine, kwa hiyo naweza kusema bila kumung'unya maneno. Mnivumilie, ni ndefu.

Nianze na anayetaka turudi enzi za Mwalimu. Bure ile ilikuwepo kweli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilifika vijijini, na 1977 serikali ikapiga marufuku tiba binafsi ya biashara, ikaja kuiruhusu tena 1991. Lakini waliokuwa watu wazima miaka ya themanini waulizeni vizuri. Mama yangu alikuwa na bomba lake la sindano, analitunza kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, kwa sababu hospitali ulikuwa unatibiwa bure kwa vifaa ulivyokuja navyo. Hela ilikuwa imekwisha, na ndiyo maana 1993 ukaja uchangiaji, yaani mgonjwa kulipa sehemu ya gharama, ukaanzia hospitali kubwa ukashuka taratibu hadi wilayani. Na siku unapoweka bei, siku hiyohiyo unalazimika kusema nani asilipe. Msamaha ulizaliwa hapo.

Tangu mwanzo ulikuwa wa aina mbili, na ugomvi wote wa kwenye uzi huu unatokana na kuzichanganya. Kuna msamaha wa kundi: mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mwenye kifua kikuu, ukoma, UKIMWI. Halafu kuna msamaha wa mtu mmoja mmoja, yule anayeitwa "asiye na uwezo". Wa kundi nesi anamtambua saa tisa usiku akiwa amechoka. Huyu wa pili lazima mtu akae amhukumu.

Wazee wamekaa katikati, na hapo ndipo siasa ilipopata mlango. Sera ya wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Sera ya afya ya 2007 inataka watibiwe bure wazee wenye umri huo wasio na uwezo. Mwanasiasa akipanda jukwaani, hayo maneno matatu ya mwisho anayaacha kwenye gari. Mzee anasikia "wazee wote bure", anashangilia, na siku akiugua anakuja kwangu akiwa na maneno ya jukwaani wakati mimi nina maneno ya sera. Nani alikuwa anatukanwa? Siyo yule wa jukwaani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Usiye na hela unatakiwa uje na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Barua nyingi zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, muhuri wa bluu chini umepigwa upande, na zote zilisema neno moja: mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, hana uwezo, naomba asaidiwe. Nimesoma mamia. Hakuna hata moja iliyoniambia huyo mtu jana alikula nini. Walikuwepo watendaji wenye huruma, kila aliyeomba aliandikiwa. Walikuwepo wa "hela ya karatasi", elfu moja au mbili, yaani maskini analipia cheti cha umaskini wake. Na kulikuwa na kijiji kimoja ambacho kwa karibu miaka miwili sikupata barua yake hata moja. Nikadhani huko mambo yao mazuri. Nilikuja kuambiwa mtendaji wao anaishi mjini, kijijini anaonekana siku ya mnada.

Usisahau pia kwamba mtu haugui siku za kazi peke yake. Jumamosi usiku barua utaitoa wapi?

Kwa hiyo barua zikiwa hazisemi kitu, au hazipo kabisa, nilibaki na macho yangu. Nawaambia ukweli, nilikuwa naangalia viatu. Naangalia simu. Naangalia aliyemsindikiza mgonjwa kaja na nini. Hakuna mtu aliyenifundisha hivyo chuoni. Nilijifundisha mwenyewe kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Kuna mama mmoja alikuja na mtoto wa miaka saba aliyeanguka kwenye mwembe. Mkono umevunjika, wamemfunga vijiti viwili na kipande cha kitenge. Mama mwenyewe alikuwa amependeza: gauni limepigwa pasi, kilemba, simu ya kupangusa mkononi. Picha ya mionzi na kufungwa hogo ilifika elfu thelathini na kitu. Barua hana. Nikamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu, nikamwambia mama, hapa ni kwa wasiojiweza. Hakubishana. Alisema "Sawa, baba," akamnyanyua mtoto akatoka. Haikupita saa moja akarudi dirishani na hela mkononi, akalipa, mtoto akahudumiwa. Nikajisifu moyoni kwamba jicho langu halidanganyiki.

Jioni natoka, kijana wa bodaboda pale getini ananionyesha simu aliyoinunua mchana kwa elfu thelathini na tano. Kava lake lilikuwa na maua. Nililitambua.

Baada ya siku chache nesi mmoja anayeishi jirani na yule mama akaniambia mengine. Gauni lilikuwa la wifi yake. Yeye anauza vitumbua, mume alikwenda machimboni mwaka wa tatu huo hajarudi. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu analijua, isipokuwa mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kiti. Hakuna anayekwenda hospitali na matambara. Unaoga, unavaa nguo yako nzuri, kama huna unaazima, kwa sababu manesi watakuona, daktari atakuvua, na pengine utalazwa. Mimi nilikuwa nawatoza watu faini kwa kujistahi.

Upande wa pili yuko mzee aliyekuja na kandambili iliyoshonwa kwa waya, shati limebaki kifungo kimoja, barua ya mtendaji safi kabisa. Ngiri, anahitaji upasuaji. Nikasaini bila swali. Jamaa wa maabara anatoka kijiji chake, alicheka mpaka akashika mlango: yule ana ng'ombe wanaokaribia sitini! Nilikasirika siku nzima. Mleta mada angekuwepo angesema si mnaona? Lakini nilipotulia nikaanza kujiuliza. Ng'ombe ni mali, siyo hela. Anauzwa mnadani, na mnada una siku yake. Halafu kwa watu wale mzee hauzi ng'ombe kwa uamuzi wake peke yake, lazima wanawe wakae. Siku ile mfukoni alikuwa na nauli ya kurudi. Ana uwezo au hana? Mpaka leo mkiniuliza niandike nini kwenye kile kisanduku cha fomu, sina jibu ninaloweza kuliapia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kurasa zote nne za uzi huu sijaona aliyeligusa. Nikisaini msamaha, nani analipa?

Hakuna. Serikali inalipa mishahara na inaleta fedha za dawa kadiri zinavyopatikana, lakini sikuwahi kuona fungu linaloirudishia hospitali hela ya kila mtu niliyemsamehe. Hospitali inaendeshwa kwa makusanyo yake, yaani hela ya papo kwa papo pale dirishani na madai yanayopelekwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya. Humo ndimo inamotoka ya kuongezea dawa kutoka Bohari ya Dawa, glovu, mafuta ya jenereta, karatasi za kuchapishia majibu. Kila saini yangu ilikuwa inatoboa mfuko huo. Mganga mfawidhi wetu alikuwa mtu muungwana, hakuwahi kuniamuru nimfukuze mgonjwa. Alikuwa ananiangalia tu kwenye kikao cha asubuhi na kusema, "Ustawi, mwezi huu mmenifilisi." Inatosha. Mtu ukishaambiwa hivyo mara tatu, mkono unakuwa mzito.

Siku moja nilifungua daftari langu la nyuma nikahesabu, hakuna aliyenituma. Misamaha mingi ilikuwa ya siku kumi za kwanza za mwezi. Kuelekea mwisho inapungua, inapungua, halafu mwezi mpya inapanda tena. Umaskini wa wilaya nzima haupandi na kushuka kwa kalenda ya uhasibu. Aliyekuja tarehe 3 alikutana na ndugu, aliyekuja tarehe 28 alikutana na mhasibu, na wote wawili ni mimi.

Na huyo aliyepata saini asidhani amemaliza. Mzee wa presha anasamehewa hela ya kumuona daktari, anasamehewa kipimo, anafika dirisha la dawa anaambiwa hii haipo, kanunue nje. Anatoka getini na karatasi, duka la dawa liko mita hamsini, dawa ya mwezi mmoja elfu kumi na mbili. Wengi walikuwa wananunua vidonge vya siku tano. Kwa hiyo mnapogombana kwamba wazee wanafaidi, mnagombania karatasi. Msamaha ulikuwa unamfikisha mtu mlangoni pa famasi, basi.

Tuje kwa wazee wanaojiweza, hao mnaotaka waondolewe. Ni akina nani? Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, anatibiwa yeye, mwenza na wategemezi, na wazazi anaweza kuwaandikisha humo. Akistaafu akiwa mwanachama, anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Mama yangu ana kadi ya NHIF kwa mgongo wangu, wala hajui benchi la ustawi linafananaje. Mwalimu mkuu mstaafu, mhasibu mstaafu, mama wa daktari, baba wa mbunge: hawa sikuwahi kuwaona. Wenye maduka walikuwa wanakwenda hospitali binafsi mjini, hawana muda wa kukaa kwangu tangu saa mbili asubuhi wakisubiri niamue kama ni maskini. Foleni yenyewe ilikuwa imeshachuja. Katika miaka sita, wazee waliokuja kwangu huku kweli wangeweza kulipa bila kuuza kitu hawajazi mabasi mawili. Na kuwatafuta hao ndiko kulikowagharimu wengine wote barua, nauli na kuzungushwa.

Kuhusu TASAF, naiheshimu kazi yao. Ule mpango wa kunusuru kaya maskini umefikia kaya zaidi ya milioni moja, siyo mchezo. Majina huanzia kwenye mkutano wa kijiji, halafu kaya inajaziwa dodoso: sakafu ni ya nini, paa, choo, nani anasoma. Hata hivyo walikosea pia, na 2016 ilibidi zifutwe kaya nyingi zilizobainika hazistahili au hazipo. Lakini siyo hoja yangu kubwa hiyo. Hoja yangu ni kwamba orodha ina tarehe.

Kulikuwa na fundi muashi, kijana tu wa miaka arobaini. Mwaka wa dodoso alikuwa na pikipiki, mkewe ana genge la nyanya na vitunguu, wamejenga chumba na sebule, bati. Hakuna mkutano wa kijiji ambao ungemtaja. Kisukari kikamla mguu. Alipofika kwangu mara ya kwanza alilipa bila shida. Mara ya tatu alikuja bila pikipiki. Mara ya tano genge lilikuwa limefungwa kwa sababu mke ndiye anayemuuguza. Kwa mleta mada huyu ana uwezo, jina lake halimo. Wenzake walipoandikwa yeye alikuwa juu ya jukwaa la mbao anapiga lipu. Orodha ya maskini ilimwacha kwa sababu alikuwa mzima, na alipoacha kuwa mzima hakukuwa na wa kumrudisha.

Mtasema basi ndiyo maana ya bima kwa wote. Nakubali, ndiyo maana yake. Ila tusijifanye tumesahau ilivyokuwa. Muswada wake uliingia bungeni Septemba 2022. Viwango vilivyotajwa wakati huo vilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja. Wakati huohuo CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, ambayo wanakijiji ndiyo waliyoizoea, ilikuwa 30,000 kwa watu sita. Zaidi ya mara kumi na moja! Ni kweli mafao siyo sawa, CHF ilikuwa inaishia hospitali ya mkoa, lakini yule muuza vitumbua haoni mafao, anaona namba. Tena rasimu ile ilikuwa inataka bima iwe sharti la kupata vitu kama leseni ya udereva na TIN, namba ya mlipakodi. Watu wakachachamaa, wenye vyama na wasio na vyama.

Na mnajua muswada ulikwama wapi? Palepale kwenye benchi langu. Wabunge waliuliza: wasio na uwezo watalipiwa na nani, kwa hela gani? Ulikaa zaidi ya mwaka, ukapita Novemba 2023 na Rais akausaini mwezi huohuo. Sheria ikaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na vyanzo kama kodi za soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Mimi hilo nalipenda, nalisema wazi japo siyo mshabiki wa upande wowote. Kwa mara ya kwanza kuna anayetamka kwamba msamaha una bili na bili ina mlipaji. Viwango vya kaya vitabadilika, vimekuwa vikibadilika, sitabishana navyo.

Lakini ile kaya ya watu sita inanisumbua. Baba, mama, watoto wanne. Hiyo ni kaya ya kwenye kitabu cha darasa la tatu. Kwangu walikuwa wanakuja bibi na wajukuu saba, wa mabinti watatu tofauti, mmoja yuko Dar, mmoja hajulikani alipo, mmoja marehemu. Mzee wa wake wawili, nyumba mbili, je ni kaya moja au mbili? Kijana anayelea wadogo zake. Kila sheria inayoanza na neno "kaya" itamtaka afisa fulani, kwenye chumba kidogo fulani, aamue nani ni mtoto wa nani.

Chama cha ACT Wazalendo wao wamekuwa wakisema bima iunganishwe na hifadhi ya jamii, ukichangia akiba yako ya uzee matibabu yawe ndani yake. Wazo zuri kwa fundi muashi wangu, angekuwa ndani kabla mguu haujaanza kuoza. Kwa bibi wa wajukuu saba halisaidii mpaka serikali imchangie, na serikali ikitaka kumchangia itauliza kwanza kama kweli ni maskini. Tumerudi kwenye barua ya mtendaji. Pande zote zinadhani kuna mtu mahali fulani anayewajua maskini kwa majina. Nilikuwa mimi huyo mtu, na nilikuwa naangalia viatu.

Na kwa wanaosema bima iwe hiari, kila mtu akate akitaka: kumbukeni Toto Afya Kadi. Shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na Machi 2023 NHIF wakabadilisha utaratibu, watoto waandikishwe kupitia shule. Sababu waliyotoa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanaandikisha mtoto akishaugua. Watu walilalamika sana, nami nililalamika, ila moyoni nilijua ni kweli, kwa sababu jirani yangu alinifuata niandike majina ya watoto wake wawili kati ya wanne, wale wenye selimundu. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Sasa msimamo wangu, maana mtauliza. Bure itolewe kwa alama inayoonekana kwa macho: umri, mimba, aina ya ugonjwa. Mzee wa miaka 60 aonyeshe kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura, apite, asiulizwe ana mbuzi wangapi. Wakipita na wastaafu wawili watatu wenye hela, wapite, ni nafuu kuliko kuniajiri mimi niwasake. Chini ya miaka mitano mfumo huu unafanya kazi vizuri kuliko kitu chochote nilichokiona, mama anatoa kadi ya kliniki na mazungumzo yameisha. (Ndiyo, najua, wapo watoto ambao hubaki na miaka minne kwa miaka miwili mfululizo, wakitumia kadi ya mdogo wao. Niliwajua kwa majina. Niliwapitisha.)

Lakini sharti langu ni moja, na bila hilo yote hapo juu ni maneno ya jukwaani: kila anayepita bure, hela yake iifuate hospitali. Imfuate yeye alikotibiwa, ndani ya mwezi, siyo fungu la jumla linalofika likiwa limechoka. Hospitali ikijua mzee ni mapato kama alivyo mwenye kadi ya NHIF, mtaona dawa ya presha inavyopatikana. Kwa hao wa katikati, wa vitumbua na bodaboda, ambao hawamo TASAF na hawana mwajiri, mimi ningewachangisha kidogokidogo kwenye wanachonunua badala ya kuwaomba laki kadhaa kwa mkupuo mwezi Januari wakati wa ada za shule. Itatosha? Hapo wachumi wa humu mniambie. Nakubali kwamba kodi za soda na miamala nazo zinamuuma maskini, na sina hesabu ya kuwaonyesha.

Kuna aliyeuliza huko nyuma kama ni kweli maiti zinazuiwa kwa deni. Maagizo ya viongozi kwamba isizuiwe yametolewa zaidi ya mara moja. Mkizuiliwa mwili, ombeni kuandikishana mkataba wa kulipa kidogokidogo, na muombe kumuona mganga mfawidhi mwenyewe, msiishie kwa mlinzi wa mochwari.

Na yule dada wa ukurasa wa pili anayesema bibi yake ana miaka 71, amekataliwa mara mbili dirishani kwa sababu kitambulisho chake kilipotea: bibi asirudi dirishani tena. Aende moja kwa moja ustawi. Achukue utambulisho wa mtendaji unaotaja mwaka wa kuzaliwa, picha moja ndogo, na kama ana kadi ya zamani ya kliniki ya presha aibebe, ile yenye umri wake juu. Aombe kitambulisho cha matibabu cha wazee cha halmashauri, asiishie kusamehewa ya siku hiyo tu. Avae nguo yake nzuri kama kawaida. Na afike kabla ya saa nne, maana kuanzia saa tano ustawi huwa ameitwa kikaoni.